Miji ya Kale ya Ethiopia: Tutembee kwa Miguu



Somo hili linahusu miji mitatu ya kale katika nchi ya milima. Nchi hiyo ni Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Miji yenyewe ni Lalibela, Gondar na Harar. Tutaitembelea mmoja baada ya mwingine. Katika kila mji tutauliza mambo matatu: Nani aliujenga? Aliujenga kwa sababu gani? Ni nini kinachoulinda hadi leo?

Tutakwenda kwa miguu. Miji hii ilijengwa kabla ya motokaa. Njia zake ni za mtu, na za punda mwenye mzigo. Apitaye kwa gari huona kuta tu. Apitaye kwa miguu huona mlango, kisima, kanisa, msikiti na fundi akiwa kazini. Tena aweza kusimama, kuamkia watu na kuuliza.

1. NCHI YENYEWE

Ethiopia iko kaskazini ya Kenya. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni milima na nyanda za juu. Mlima mrefu kuliko yote huko ni Ras Dashen. Kimo chake ni zaidi ya mita 4,500. Kilimanjaro, kama ujuavyo, una mita 5,895.

Bonde la Ufa, lile lile lipitalo Kenya na Tanzania, limeikata milima ya Ethiopia katika sehemu mbili. Lalibela na Gondar ziko upande wa kaskazini-magharibi ya bonde. Harar iko upande wa mashariki.

Kuna jambo moja litakalokufurahisha. Watu wa Ethiopia huhesabu saa kama sisi tunavyohesabu kwa Kiswahili. Jua likichomoza, wao pia husema ni saa kumi na mbili, na saa moja baadaye ni saa moja asubuhi. Lakini kalenda yao ni nyingine. Mwaka wao una miezi kumi na mitatu, na hesabu ya miaka yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane.

2. KABLA YA KUANZA SAFARI

Mtu anayetembea katika miji ya milimani ashike mambo haya:

(a) Aende polepole. Juu milimani hewa ni nyepesi. Mgeni huchoka upesi na huweza kuumwa kichwa. Siku ya kwanza apumzike na anywe maji ya kutosha. Mwenda pole hajikwai.

(b) Achague majira. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Wakati huo njia za mawe huteleza.

(c) Avae viatu imara, na achukue nguo ya baridi. Mchana jua ni kali, usiku baridi ni kali.

(d) Afuate desturi. Katika makanisa ya Lalibela na katika misikiti ya Harar viatu huvuliwa mlangoni. Asimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa.

(e) Aulize habari za usalama. Mwaka 2020 vita vilizuka kaskazini ya Ethiopia, vikafika Lalibela mwaka 2021. Mapatano ya kusimamisha vita hivyo yalifanywa Novemba 2022. Mwaka 2023 mapigano mengine yalizuka katika jimbo la Amhara, ambamo Lalibela na Gondar zimo.

3. LALIBELA: MJI ULIOCHONGWA

Lalibela iko juu sana, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Zamani mji huu uliitwa Roha. Jina la sasa ni la Mfalme Lalibela, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13.

Unapokaribia makanisa yake huyaoni. Hakuna mnara wala paa linalochomoza. Unatembea juu ya mwamba, mara unafika ukingoni mwa shimo. Ukitazama chini, ndipo unaona kanisa zima limesimama ndani ya shimo hilo.

Makanisa hayo ni kumi na moja. Hayakujengwa kwa kupanga mawe, bali yalichongwa. Kwanza mafundi walichimba handaki kuzunguka kipande kikubwa cha mwamba. Kisha walikichonga kipande hicho kutoka juu kwenda chini: paa kwanza, halafu madirisha, mwisho milango. Baadaye wakachonga ndani, wakaacha nguzo zimesimama. Fikiri juu ya kazi hiyo. Anayejenga kwa matofali akikosea huondoa tofali moja akaweka jingine. Anayechonga mwamba akikata pasipo, hawezi kurudisha jiwe alilolikata.

Makanisa yamegawanyika. Kundi moja liko kaskazini ya kijito kiitwacho Yordani, kundi la pili liko kusini yake. Kanisa la Mtakatifu Giyorgis liko peke yake. Ukilitazama kutoka juu, ni msalaba. Kimo chake ni kama mita 12. Ili kulifikia, unashuka ndani ya handaki lenye kuta za mwamba pande zote. Sehemu nyingine unapita njia ya chini kwa chini, yenye giza, huku mkono wako ukipapasa ukuta.

Kila mwaka, kwa Krismasi yao ya tarehe 7 Januari, mahujaji wengi sana huja wamevaa nguo nyeupe. Baadhi yao hutembea kwa siku nyingi kutoka vijijini.

Je, mwamba huu utadumu? Mwamba wa Lalibela si mgumu sana. Ndiyo sababu uliweza kuchongwa. Sababu hiyo hiyo inauponza. Maji ya mvua huingia katika nyufa na kuula kidogo kidogo. Mwaka 2008 mapaa makubwa ya kisasa yenye nguzo za chuma yalisimamishwa juu ya baadhi ya makanisa ili kuzuia mvua. Lakini mwaka 2018 wakazi wa mji waliandamana. Walihofia kuwa mapaa yale mazito yataanguka na kuyavunja makanisa. Tena, watu wengi waliokuwa wakikaa karibu na makanisa walihamishwa ili mahali pale pahifadhiwe. Hapa pana jambo zito la kufikiri: kulinda mawe ni lazima, na watu walioyalinda tangu mababu nao wana haki yao.

4. GONDAR: MJI WA MFALME ALIYEACHA MAHEMA

Kwa muda mrefu wafalme wa Ethiopia hawakuwa na mji mkuu wa kudumu. Walihama na kambi za mahema. Mwaka 1636 Mfalme Fasilides aliuanzisha mji wa Gondar, akajenga jumba la mawe na chokaa. Waliomfuata nao wakajenga majumba yao papo hapo. Ukuta wa urefu wa mita 900 unayazunguka yote.

Pita langoni uingie. Utaona majumba ya ghorofa, mazizi ya farasi, maktaba, mahali pa karamu na vizimba vya simba. Hapa unaweza kuuona utawala kwa macho. Aliyekuwa mkubwa alikaa juu na kutazama mbali. Mwananchi wa kawaida alibaki nje ya ukuta.

Ukitoka, tembea hadi kwenye birika kubwa la Fasilides. Kila mwaka, karibu tarehe 19 Januari, birika hilo hujazwa maji kwa sikukuu ya Timkat, yaani kukumbuka ubatizo wa Yesu. Vijana hujirusha majini kwa furaha. Birika la mfalme limekuwa birika la watu wote.

Gondar imepata majeraha mengi. Mwaka 1888 majeshi kutoka Sudani yaliuvamia mji na kuchoma makanisa. Mwaka 1941, Waitalia walipokuwa wakifukuzwa Ethiopia, mabomu ya ndege za Waingereza yaliharibu baadhi ya majumba. Kanisa la Debre Berhan Selassie lilipona mwaka 1888. Dari yake imechorwa nyuso nyingi za malaika. Wenyeji husimulia kuwa kundi la nyuki liliwatimua adui mlangoni.

5. HARAR: MJI WENYE UKUTA

Sasa tunavuka Bonde la Ufa kwenda mashariki. Harar ni mji wa Waislamu. Una misikiti 82 ndani ya eneo dogo, na mitatu kati ya hiyo ni ya tangu karne ya 10. Mji wa kale umezungukwa na ukuta uitwao Jugol. Malango ya kale ni matano. Kila lango lilikuwa mlango wa biashara kwa watu waliotoka upande wake, wakileta kahawa, ngozi na nafaka.

Kwa karne nyingi Harar ilijulikana pia kwa wanazuoni wake. Mwaka 1855 Mwingereza Richard Burton aliingia mjini humo. Ndiye huyo aliyefika Tabora mwaka 1857 na Ujiji mwaka 1858.

Ndani ya ukuta ni vichochoro vitupu. Vingine ni vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Katika kichochoro kimoja utasikia mlio wa vyerehani pande zote mbili. Hao ni mafundi wa nguo. Unampa kitambaa, unakwenda kunywa kahawa, na ukirudi nguo iko tayari.

Ukikaribishwa nyumbani utaona ukumbi wenye baraza tano za kukalia. Kila moja ina kimo chake na watu wake, kwa kadiri ya umri na heshima. Ukutani hutundikwa vikapu vya rangi vilivyosukwa na wanawake.

Ukuta una pia matundu madogo chini. Fisi hupita humo usiku na kula mabaki mjini. Wako watu ambao huwalisha fisi nyama jioni nje ya malango. Hapa ukuta uliwazuia maadui, lakini jirani wa porini aliachiwa njia yake.

Majumba ya watu wa Harar yangali yanakaliwa. Nyufa huzibwa na mwenye nyumba, kuta hupakwa rangi na mama wa nyumba. Nyumba yenye mtu haianguki upesi.

6. NASI JE?

Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, yaani UNESCO, limeiandika miji hii katika orodha ya urithi wa dunia: Lalibela mwaka 1978, majumba ya Gondar mwaka 1979, na Harar mwaka 2006. Lakini kuandikwa katika orodha hakuzibi ufa. Ufa huzibwa na mtu aliye karibu.

Huenda katika kijiji chako kuna kaburi la kale, kisima cha mawe, gofu la msikiti, au mti uliofanyiwa baraza na wazee. Pengine watu huchukua mawe yake kujengea mabanda. Jiwe moja leo, jiwe moja kesho, mwisho watoto wetu hawataona kitu. Palinde. Na uandike habari zake, maana sasa unajua kuandika.

MANENO YA KUKUMBUKA

Handaki: shimo refu lililochimbwa kama mfereji.
Kichochoro: njia nyembamba kati ya nyumba na nyumba.
Mahujaji: watu wanaosafiri kwenda mahali patakatifu.
Gofu: nyumba ya kale iliyobomoka.
Urithi: kitu tulichoachiwa na waliotutangulia.

MASWALI

1. Kwa nini makanisa ya Lalibela hayaonekani kutoka mbali?
2. Mafundi walianza kuchonga sehemu gani ya kanisa? Kwa nini?
3. Wafalme waliishi namna gani kabla ya Gondar kujengwa?
4. Malango ya Harar yalikuwa na kazi gani?
5. Mzungumze darasani: Ikiwa lazima watu wahamishwe ili mahali pa kale pahifadhiwe, wapewe haki gani?

KAZI YA KIKUNDI

Tembeeni kijijini pamoja na mzee mmoja anayejua habari za zamani. Chagueni mahali pamoja pa kale. Ulizeni: Nani alipajenga? Kwa sababu gani? Ni nini kinachopalinda? Andikeni majibu katika daftari, mistari kumi. Kisha msomeeni mzee huyo mlichoandika, asahihishe palipokosewa.