Ukoma Unatibika, Tatizo ni Kuacha Dawa Njiani

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, tukihitimu wengi tutapangiwa vijijini. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha Lumuma, wilayani Kilosa, kule kwenye vitunguu, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, ukoma si uliisha?"

Haujaisha. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Hiyo siyo sifuri. Na ugonjwa ukiwa adimu, ndiyo watu wanausahau.

Dalili ya kwanza ni baka lililopauka au jekundu. Haliwashi, haliumi, na mara nyingi ukiligusa kwa pamba mwenye nalo hasikii kitu. Kwa mkulima hilo ni hatari: jembe linamchubua kiganja, sufuria inamuunguza, hana habari.

Dawa ni mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, na hutolewa bure. Kwa kawaida mwenye mabaka yasiyozidi 5 hutibiwa miezi 6, mwenye zaidi ya hapo miezi 12. Mkojo ukiwa mwekundu au ngozi ikiwa nyeusi kidogo, usishtuke, ni dawa tu.

Sasa, kuna jambo linalowapoteza wengi. Katikati ya matibabu, hata baada ya kumaliza, mabaka yaliyotulia yanaweza kuvimba upya. Wengine hutoka vinundu vyenye maumivu, wakapata homa, au mkono ukalegea. Mgonjwa anasema dawa imemdhuru, anaiacha, anakwenda kwa mganga. Kumbe ni kinga ya mwili inayopambana na vijidudu, hata vile vilivyokwisha kufa, na vita hiyo inaumiza mishipa ya fahamu.

Hali hii nayo ina tiba. Daktari humpa prednisoloni kwa wiki nyingi, akiipunguza kidogo kidogo, na kama dozi ya ukoma haijaisha, inaendelea vilevile. Kwa vinundu sugu ipo pia thalidomidi, lakini mjamzito haigusi kabisa, kwa sababu inaharibu viungo vya mtoto tumboni. La msingi ni kuwahi. Ganzi mpya ikitibiwa ndani ya miezi 6, hisia zinaweza kurudi. Ukichelewa, kilema kinabaki.

Mwalimu anaingiaje hapa? Ukiona mwanafunzi ana baka la namna hiyo, ongea na mzazi faraghani, waende kituo cha afya. Wanaoishi naye wapimwe pia. Wanaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kinga. Usimtenge kwenye dawati lake. Akishaanza dawa, uwezo wa kuambukiza wengine unaisha haraka. Na darasani tuseme wazi: ukoma siyo laana, na hakuna anayeurithi.

Akikwambia amevimba tena, usimwambie aache dawa. Mrudishe kituoni siku hiyohiyo.