Thamostati ya Gari: Kuiondoa Siyo Kuitengeneza

Kwenye Barabara ya Morogoro, malori yenye uzito unaozidi tani 3.5 hulazimika kupimwa katika mizani ya Vigwaza. Foleni ikirefuka, magari madogo nayo husogea polepole, upepo unaopoza rejeta hupungua, na gari lililokuwa na hitilafu iliyojificha huanza kuchemsha. Fundi wa karibu huitwa. Mara nyingi huing'oa thamostati, hufunga bomba, kisha humweleza mwenye gari kwamba kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi.

Maelezo hayo si sahihi. Thamostati ni vali ndogo yenye nta ndani ya kikopo cha chuma. Injini ikiwa baridi, vali hufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Joto likifikia takribani nyuzi 82 katika magari mengi ya Kijapani, nta huyeyuka, hutanuka na kuisukuma vali ifunguke. Injini imeundwa ifanye kazi katika joto linalokaribia nyuzi 90, iwe Njombe au Bagamoyo. Hewa ya pwani yenye nyuzi 32 bado iko mbali sana na kiwango hicho.

Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata moto, hutumia mafuta mengi zaidi na huchakaa mapema. Lipo pia jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi. Katika injini nyingi za Toyota, thamostati ina sahani ya pili ambayo, vali inapofunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Hivyo gari linaweza kuchemsha zaidi likiwa na mzigo au likipanda mlima. Silinda hedi ikipinda, mteja atalipa gharama isiyolingana hata kidogo na bei ya thamostati.

Zitambue dalili. Mshale wa joto ukipanda haraka huku bomba moja la rejeta likiwa la moto na jingine baridi, huenda vali imekwama ikiwa imefungwa. Mshale ukibaki chini safari nzima, imekwama wazi au haipo kabisa. Magari kama Passo na Vitz mengi hayana mshale. Humo taa ya buluu isiyozimika baada ya mwendo mrefu ndiyo ishara. Hata hivyo feni mbovu, pampu ya maji na rejeta iliyoziba huleta uchemkaji uleule, kwa hiyo usikubali kununua spea kabla ya kipimo.

Kipimo chenyewe ni rahisi, nawe una haki ya kukishuhudia. Thamostati huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, maji yakachemshwa. Vali ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake, na ijifunge maji yanapopoa. Spea mpya nayo ipimwe hivyo kabla ya kufungwa.

Wakati wa kufunga, mpira wa kuzuia uvujaji uwe mpya, na kijipini cha kupitishia hewa kielekee alikoelekeza mtengenezaji, kwa kawaida juu. Kisha jaza kulanti inayofaa na kutoa hewa iliyobaki kwenye mfumo. Maji ya kisima yenye chumvi, yasiyo haba ukanda huu, huleta kutu inayokwamisha vali. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto: maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza uso.

Unaponunua, linganisha namba ya spea na ile ya zamani, na udai risiti ya kielektroniki inayotaja kifaa chenyewe badala ya neno "spea" tu. Mwombe fundi akukabidhi thamostati iliyotolewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, au kumuuzia kilichotumika kwa jina la kipya. Ukidanganywa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na risiti, kifungashio na kifaa chenyewe, kabla ya gari kufanyiwa matengenezo mengine yatakayofuta ushahidi.