Tumbo limetulia, kamera ya nini tena?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 12, mwaka jana aligundulika ana ugonjwa wa Crohn. Tangu aanze dawa tumbo haliumi, anakula vizuri na shule haikosi. Sasa daktari wake anataka kipimo cha choo, na huenda akamrudisha kwenye kipimo cha kamera ya utumbo. Mara ya kwanza aliteseka sana na ile dawa ya kusafisha tumbo. Kama amepona, kamera ya nini? – Mama, Morogoro.

JIBU: Pole sana mama, na hongera kwa kumfikisha hapo. Kwa bahati mbaya, katika ugonjwa wa Crohn, ambao huvimbisha utumbo, tumbo huweza kunyamaza huku utumbo bado una vidonda. Mtoto anacheza, anacheka, na ndani vidonda vinaendelea kuchimba, hadi siku utumbo unapobana na kuziba, au kutoboka. Ndiyo maana siku hizi tunatibu mpaka utumbo wenyewe upone, hatuishii kwenye maumivu.

Kipimo cha choo anachokitaka daktari kinatafuta kalprotektini, protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazokimbilia palipovimba. Ikiwa chini ya mikrogramu 150 hivi kwa kila gramu ya choo, tunapata matumaini kwamba utumbo unapona. Ikipanda hadi mamia kadhaa, tunashuku, hata kama mtoto hasemi anaumwa. Wapo madaktari wanaotumia hesabu ya alama iitwayo MINI, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wenye Crohn. Huunganisha hali ya choo, kalprotektini na vipimo viwili vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, CRP na ESR. Alama zikiwa chini ya 8, kuna uwezekano mkubwa kwamba vidonda vimefunga, na mtoto huenda akaepushwa na kamera kwa sasa.

Lakini kalprotektini hupandishwa na mengine pia. Kuhara damu kwa sababu ya bakteria huipandisha, na hata vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki tunavyonunua dukani kila kichwa kinapouma. Mwambie daktari kama kijana amemeza dawa hizo au aliharisha wiki za karibuni. Tena, ugonjwa ukiwa kwenye utumbo mwembamba pekee, kipimo hiki huweza kuupunja. Hapo ultrasaundi husaidia, kwa kuwa ukuta wa utumbo unaozidi milimita 3 huashiria uvimbe.

Majibu yakipingana, kamera ndiyo hukata shauri. Najua ile dawa ya kusafisha tumbo inavyochosha. Uliza kama anaweza kuinywa kwa awamu mbili, jioni na asubuhi. Na dawa zake za kila siku asiziache kwa sababu tumbo limetulia.

Ukienda kliniki, chukua rekodi za urefu na uzito wake tangu mwaka jana. Mtoto wa umri huu anatakiwa arefuke. Kama amekaa palepale miezi sita, huenda uvimbe bado upo ndani; mwambie daktari hata kabla hajakuuliza.