SOMO LA UVUVI: KUFUNGA MSHIPI WA KARPI KATIKA BWAWA LENYE TOPE

Mabwawa mengi ya mashamba ya makazi yalichimbwa zamani kwa kunyweshea ng'ombe. Kila masika maji huleta udongo kutoka mashambani, na miti iliyo kando huangusha majani na vijiti. Kwa hiyo chini ya bwawa pamejaa tope laini na takataka. Mkulima hutupa ndoana humo, akangoja tangu asubuhi hata jioni, asipate kitu. Hapo husema, "Hakuna samaki." Kumbe samaki wapo, ila chambo kimezama topeni wasikione.

Samaki tunayemsema hapa ni karpi. Ana magamba makubwa na sharubu nne fupi mdomoni. Si mwenyeji wa nchi hii. Asili yake ni Asia na Ulaya. Katika Ziwa Naivasha alionekana mwaka 2001, na kufika mwaka 2010 yeye ndiye aliyekuwa mwingi kuliko wote katika samaki waliovuliwa humo. Karpi hula chini. Hufyonza tope pamoja na chakula, akameza kinachofaa na kutema kisichofaa. Basi tope si adui wa karpi. Ni adui wa ndoana yako.

KANUNI YA SOMO HILI: Chubwi na izame, lakini ndoana ibaki juu ya tope.

Kwanza, pima tope

Funga chubwi peke yake mwishoni mwa mshipi. Juu yake funga utepe wa kitambaa cheupe wenye urefu wa shubiri moja. Tupa, ngoja dakika mbili, kisha vuta polepole. Ukivuta ukasikia mshipi unakwama na kuachia, pana vijiti. Ukisikia chubwi linashikwa kama mguu uliozama matopeni, tope ni refu. Utepe utakuonyesha tope limefika wapi. Kama tope ni jeusi na linanuka uvundo, hama, ujaribu mahali pengine.

Vitu vinavyotakiwa

Mshipi wa nailoni wenye nguvu, kamba laini ya kusukwa, sentimeta 40, ndoana ndogo yenye shina fupi, kiungo cha chuma kinachozunguka, kama kile kinachouzwa pamoja na ndoana, shanga mbili, uzi wa pamba, chubwi dogo, na kipande cha sponji kutoka katika patipati kuukuu.

Namna ya kufunga

1. Fanya kitanzi kidogo mwishoni mwa ile kamba laini. Pitisha ncha ya pili katika tundu la ndoana, ukianzia upande wa mgongo. Vuta hata kitanzi kining'inie kidogo kupita pindo la ndoana.

2. Shika kitanzi kikiwa kimelala juu ya mgongo wa ndoana. Zungusha kamba ndefu juu ya shina mara saba, ukishuka kutoka kwenye tundu. Kisha ipitishe tena katika tundu, ukianzia upande ule ule wa mgongo, ukaze. Chambo kitakaa kitanzini, na ndoana itabaki tupu. Ufundi huu ulibuniwa Uingereza katika miaka ya 1970 na Lenny Middleton na Kevin Maddocks. Faida yake ni kwamba samaki akitema chambo, ncha ya ndoana iko wazi kumshika mdomo.

3. Ncha ya pili ya kamba funga katika kiungo, ibaki kama sentimeta 25.

4. Katika mshipi mkubwa funga fundo la uzi wa pamba. Chini yake tunga ushanga, kisha kiungo, kisha ushanga wa pili. Funga fundo la pili la uzi chini ya hapo. Kiungo sasa kinazunguka baina ya shanga mbili.

5. Mwisho wa mshipi funga chubwi kwa kipande cha nailoni nyembamba kuliko mshipi. Toka chubwi hadi fundo la chini pawe parefu kuliko tope ulilopima. Chubwi likikwama, ile nyembamba itakatika nawe utapata samaki wako. Na mshipi mkubwa ukikatika, mafundo ya pamba yatateleza, samaki asiburute chubwi hata kufa.

Chambo

Chemsha mahindi makavu mpaka yalainike. Tunga punje mbili kitanzini pamoja na kipande cha sponji, uzuie kwa kijiti chembamba cha jani. Sasa tia ndoana katika karai la maji. Ikizama kama jiwe, ongeza sponji. Ikielea juu, punguza. Inayofaa ni ile inayoshuka polepole, ndoana ikagusa chini na mahindi yakasimama juu yake. Isiposimama karaini, haitasimama bwawani.

Kutupa na kungoja

Tupa kwa utaratibu, mshipi uwe umenyooka chubwi linaposhuka. Likisha kutua, usivute tena, maana ndoana itazoa majani. Legeza mshipi kidogo. Funga ufito imara, kwa kuwa karpi mkubwa huweza kuuchukua. Ukivutwa, inua ufito taratibu bila kushtuka.

Maonyo

Mtu yeyote, hasa mtoto, asiingie bwawani kukwamua ndoana. Tope lishikalo chubwi hushika na mguu, na ndoana haina thamani ya uhai. Usiache vipande vya nailoni ukingoni. Ndege hunaswa na ng'ombe huvila. Usihamishe karpi hai kwenda bwawa lingine, kwa kuwa huchimbua chini na kuchafua maji. Na kabla ya kuvua ziwani au mtoni, muulize Ofisa wa Uvuvi habari za leseni.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kiungo hufungwa juu ya chubwi, wala si chini yake?
2. Nailoni nyembamba ina kazi gani?
3. Utajuaje kwamba sponji imetosha?

Asiyeweza kujibu na asome tena kabla ya kwenda bwawani.