Kubaki Kisimani au Kuhama: Amua Ng'ombe Akiwa Bado na Nguvu



Kila kiangazi swali hili hurudi bomani. Kisima cha kijiji kina maji, shule ipo karibu, zahanati ipo. Kwa nini uende mbali, mahali ambapo hujui kama utakuta majani au utakuta wenzako wameshayamaliza? Mimi ninayeandika nina mshahara kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo sikuambii kwa wepesi kwamba uhame.

Lakini waliopitia ukame wa 2009 kule Longido na Monduli wanajua: maji yanaweza kuwepo na ng'ombe akafa kwa njaa. Majani ya kuzunguka kisima ndiyo huisha kwanza. Ng'ombe anakwenda mbali kula, anarudi kunywa, na nguvu aliyoipata inaishia njiani.

Basi usitazame kisima tu, mtazame ng'ombe. Asubuhi, kabla hajanywa, simama ubavuni mwake. Zikionekana mbavu mbili tatu za nyuma, bado ana nguvu ya safari. Ukiweza kuzihesabu zote, na nyonga na uti wa mgongo vimechomoza, umechelewa. Huyo ataanguka njiani, na mnadani watakupa bei ya ngozi.

Si lazima boma zima lihame. Wazee wetu waligawa kundi, na ni akili nzuri hadi leo. Ng'ombe wachache wa maziwa, ndama na wadhaifu wabaki na familia, wale majani ya alalili. Mitamba, maksai na wasiokamuliwa waende na vijana. Idadi ya wa kubaki muulize mama wa boma. Yeye ndiye anayejua maziwa kiasi gani yanatosha watoto. Ng'ombe wazee wauze mapema, ununue pumba na mashudu ya wanaobaki.

Kabla ya kuondoka, tuma mtu mzima akaone maji, majani, kupe na mbung'o, na azungumze na wenyeji. Chanjo ya homa ya mapafu ichomwe wiki tatu kabla ya safari, maana kinga haiji siku ya sindano. Kibali cha kusafirisha mifugo fuata kwa afisa mifugo wako. Na ukisikia hata ng'ombe mmoja anakohoa, usiondoke, tuite kwanza. Ugonjwa huo utasafiri na kundi na kuwafikia ng'ombe wa watakaokupokea.