Kwa Nini Alaumiwe Aliyedhulumiwa?

Tuseme picha ya faragha ya msichana imesambazwa katika intaneti bila ridhaa yake. Wengi huuliza kwanza: "Kwa nini alijipiga picha hiyo?" Aliyeisambaza hatajwi.

Mwaka 1966, Melvin Lerner na Carolyn Simmons wa Marekani walichapisha jaribio linalofaa kukumbukwa hapa. Wanafunzi wa kike walimtazama mwenzao aliyeonekana kupigwa na umeme kila alipokosea jibu. Kwa hakika alikuwa akiigiza. Wale waliodhani kwamba mateso yataendelea walimshusha thamani kuliko wale waliopewa uwezo wa kumwokoa. Mtu hutaka kuamini kwamba dunia ina haki, hivyo anayeteseka lazima awe amestahili.

Lakini kwa nini mwanamke hasa? Mwaka 1996 Peter Glick na Susan Fiske walieleza kwamba ubaguzi wa kijinsia una sura mbili: uadui wa wazi, na upole unaomsifu mwanamke kuwa kiumbe cha kulindwa. Hii ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo yenye hila zaidi, kwani ulinzi huo una sharti: "ajitunze". Adhaniwaye kulivunja sharti hilo huachwa peke yake.

Nchini Kenya, kifungu cha 37 cha sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta humkabili msambazaji: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Zoezi: mwalimu asimulie kisa kama hicho, kila mwanafunzi aandike swali lake la kwanza, kisha darasa lihesabu ni maswali mangapi yanamhusu msambazaji.