"For" ya Kiingereza na Kauli ya Kutendea

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, mwenzetu mmoja alilazwa hospitalini, nami nikatwikwa jukumu la kuandika tangazo la mchango. Niliandika: "Tunaomba msaada wa fedha kwa mwenzetu aliyelazwa hospitalini." Lilibandikwa asubuhi. Kufikia adhuhuri mtu alikuwa ameongeza chini yake kwa wino mwekundu: "Hata mgonjwa hamumwonei huruma?"

Kosa langu ndilo kiini cha makala haya. Niliwaza kihusishi "for" cha Kiingereza, nikakipa neno la kwanza lililonijia, yaani "kwa". Lakini kitenzi "omba" kikifuatwa na "kwa" na mtu, mtu huyo ndiye anayeombwa. Ndivyo ilivyo pia katika "Alinunua viatu kwa mama yake": mama ndiye muuzaji, au viatu vilinunuliwa nyumbani kwake. Sentensi za aina hii ninakutana nazo kila wiki katika insha za wanafunzi, na hata katika taarifa za habari.

Maana hiyo ya "for" Kiswahili huiweka ndani ya kitenzi chenyewe: "Alimnunulia mama yake viatu", "Tunamwombea mwenzetu msaada wa fedha." (Ukiacha "msaada wa fedha", wasomaji watadhani mnafanya maombi.) Kanuni za umbo msomaji anazijua tangu shule ya upili: pika hutoa pikia, soma hutoa somea, na nunua, ambacho mzizi wake huishia kwa irabu, hutoa nunulia. Linalosahauliwa ni kwamba mtendewa, yaani shamirisho kitondo, hutajwa kwa kiambishi kabla ya mzizi, wala hahitaji kihusishi chochote.

Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliipa kauli hii jina la Kiingereza linalotokana na neno "kihusishi". Kwa mgeni aliyetafuta "for" yake, jina hilo lilifaa. Kwetu sisi linapotosha, kwa kuwa kutendea kuna mawanda mapana zaidi. Katika "Alifia vitani" kauli hii huonyesha mahali, katika "Walihamia Nakuru", mwelekeo, katika "kisu cha kukatia nyama", kifaa, na katika "Unalilia nini?", sababu.

Upande wa pili, si kila "for" inayodai kutendea. Dawa ni ya malaria, chakula ni cha watoto, na maji ni ya kunywa. Kihusishi "-a" kinatosha, na "dawa kwa ajili ya malaria" ni tafsiri tupu. Muda nao mara nyingi husimama peke yake: "Nilingoja saa mbili."

Hata hivyo, nisiisifu kauli hii kupita kiasi. "Nilimwandikia nyanya barua" ina maana mbili: barua ilipelekwa kwa nyanya, au niliiandika badala yake. Hapo "kwa niaba ya" hupata kazi halali, ingawa nyumbani hatukuihitaji. Nyanya yangu hakujua kusoma. Nilimwandikia barua nyingi, na zote zilikwenda kwa mjomba Mombasa.